Daftari moja, vyanzo arobaini: kupanga marejeo ya nasaba kwenye kompyuta

*"Asalaam alaykum. Niko Wete, Pemba. Kwa muda mrefu sasa nakusanya nasaba ya upande wa baba kwa kutumia programu ya Gramps. Nina daftari aliloacha baba yake bibi yangu, kaandika kwa herufi za Kiarabu uzazi wa watoto wake wote. Nina vyeti, hati ya eka tatu, na sauti nyingi za WhatsApp kutoka kwa shangazi zangu. Tatizo langu ni orodha ya vyanzo: imepita mia tatu, na lile daftari peke yake limo zaidi ya mara arobaini kwa majina tofauti. Binamu yangu wa Maskati aliponitumia faili lake nikaliingiza, mambo yakazidi kuchafuka. Halafu bibi mwenyewe ana tarehe mbili. Daftari linasema alizaliwa usiku wa Jumatano, mwezi 12 Mfunguo Sita 1350. Cheti kinasema 1 Julai 1934. Nifute yote nianze upya? Na cheti si ndicho chenye nguvu zaidi?"*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Usifute kitu. Taarifa ulizokusanya ni nzima. Kilichochafuka ni mpangilio tu, na huo unarekebishika bila kupoteza hata jina moja.

Umeuliza mambo mawili, orodha iliyovimba na tarehe zinazogombana, lakini mzizi wake ni mmoja. Kila taarifa ya nasaba inadai swali lile lile: nani kasema, na yeye kalipata wapi? Aliyekaa madrasa analijua swali hili kwa jina la isnadi. Hadithi haipokelewi kwa matini yake tu, huangaliwa nani kapokea kwa nani mpaka kufika juu. Marejeo kwenye programu ya nasaba ni isnadi ya kila tarehe na kila jina uliloliandika. Ukilishika hilo, vibonyezo vingine vyote vya programu vitajieleza vyenyewe.

Sasa tuangalie kilichotokea kwenye kompyuta yako. Gramps inaweka mambo haya katika ngazi. Juu kabisa ipo hifadhi, yaani mahali kitu kilipo: sanduku la shangazi, ofisi ya Nyaraka iliyopo Kilimani, Unguja, au Mahakama ya Kadhi. Chini yake kipo chanzo, ambacho ni kitu chenyewe: daftari, jalada, cheti, au mzee aliyekusimulia. Chini ya chanzo lipo rejeo, nalo ni ile sehemu hasa uliyoisoma: ukurasa wa ngapi, mstari gani, uliisoma lini, na unaiamini kiasi gani. Rejeo ndilo linalofungwa kwenye tukio, yaani kwenye kuzaliwa, ndoa, talaka au kifo cha mtu fulani. Programu huvipa namba zake pia, vyanzo vikianza na S na marejeo yakianza na C, kwa hiyo ukiona S0047 na C0047 usidhani ni kitu kimoja.

Naamini wewe ulikuwa ukifanya hivi: unafungua ukurasa wa 14 wa daftari, unabonyeza chanzo kipya, unaandika "Daftari la babu uk. 14". Wiki ya pili unaandika "Daftari la uzazi ukurasa 15". Kompyuta haijui kwamba hilo ni daftari moja. Inaona majina mawili, inafungua vyanzo viwili. Namba ya ukurasa imekaa kwenye jina la chanzo wakati mahali pake ni kwenye rejeo. Hapo ndipo zile arobaini zilipotoka. Wengi hufika hapo, maana programu haikukatazi.

Chanzo kikubwa kiasi gani? Hili wajuzi wa nasaba hawajawahi kukubaliana, na sidhani watakubaliana. Wapo wanaofungua chanzo kimoja kwa kila karatasi, na wapo wanaokusanya: "Vyeti vya kuzaliwa, Wete" kikawa chanzo kimoja chenye marejeo mia. Wa kwanza wana orodha ndefu lakini kila karatasi iko wazi. Wa pili wana orodha fupi ila mzigo wote unahamia kwenye rejeo, na ukiwa mvivu wa kujaza rejeo utapotea. Mimi huuliza jambo moja tu: nikimtuma kijana wa nyumbani akaniletee kitu hiki, nitamwambia alete nini? Nitamwambia "lete daftari", sitamwambia "lete ukurasa wa 14". Basi daftari ni chanzo kimoja na kurasa zake ni marejeo. Hati ya eka tatu ni karatasi moja inayojitegemea, nayo inastahili kuwa chanzo peke yake. Kwa majalada ya Kilimani, jalada moja ni chanzo kimoja, na namba ya karatasi ndani yake ni rejeo. Alama ya jalada iandike kama ilivyo, zile herufi kama AB na namba zinazofuata, bila kuifupisha wala kuitafsiri, kwa sababu ndiyo mtunza nyaraka atakayoitumia kulitafuta.

Vyeti vya familia mimi huvikusanya kwa ofisi iliyovitoa. Ukipenda kuvitenganisha hutakuwa umekosea, mradi uchague njia moja na ubaki nayo. Jina la ofisi liandike kama lilivyo kwenye karatasi yenyewe. Ofisi za usajili zimebadilika majina na sheria, na siku hizi kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, lakini cheti cha zamani hakikutolewa na Wakala. Jina la sasa likae kwenye hifadhi, la zamani likae kwenye chanzo.

Sauti za shangazi zako zinataka uangalifu zaidi, na hapa ndipo naona nasaba nyingi za kwetu zinapoyumba. Chanzo si WhatsApp. WhatsApp ni njia tu ambayo sauti imepitia. Chanzo ni shangazi mwenyewe, mmoja mmoja, na kila mazungumzo ni rejeo lenye tarehe yake. Ndani ya rejeo andika alilolisema kwa maneno yake, halafu andika kalipata wapi: aliliona mwenyewe, alihadithiwa na mama yake, au ni jambo ambalo watu wote mtaani husema. Shangazi watatu wakikwambia bibi alizaliwa Ziwani, na wote watatu walilisikia kwa mama yao, hao si mashahidi watatu. Ni shahidi mmoja aliyesikika kupitia vinywa vitatu. Programu haiwezi kulijua hilo, itakuonyesha marejeo matatu na wewe utajiona uko salama. Sauti zenyewe zitoe kwenye simu uziweke kwenye folda ya kompyuta. Simu ikianguka baharini siku ya safari ya Unguja, hutazipata tena, na mzee aliyezisema huenda naye keshatangulia.

Picha pia zina kosa lake. Picha ya ukurasa wa 14 uliyoipiga kwa simu si chanzo, ni nakala ya kile ulichokiona, na huambatishwa kwenye rejeo la ukurasa huo. Ipe jina linalosomeka, mwaka kwanza, kisha mahali, kisha kitu: 1931-Wete-daftari-uk14. Jina alilolitoa kamera halikusaidii wewe wala mjukuu wako. Na ukilipiga picha daftari, anza na jalada lake la nje, hata kama ni chakavu na halina maandishi, ili anayezitazama picha baadaye ajue kurasa zile zimetoka wapi.

Andika ulichokiona wewe, si alichokiona mwenzako. Binamu akikwambia kasoma kwenye jalada la Nyaraka kwamba mzee fulani aliuza shamba, chanzo chako ni binamu. Siku utakayolishika jalada kwa mkono wako, hapo ndipo utakapolitaja jalada. Vivyo hivyo kwa miti ya ukoo inayopatikana kwenye intaneti: inakuonyesha pa kutafuta, na mara nyingi ni watu kumi walionakiliana kosa moja.

Hili linatuleta kwenye faili la Maskati. Naamini alikutumia faili la GEDCOM, ule mfumo wa kubadilishana nasaba ulioasisiwa mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho la Marekani, na ambao karibu kila programu inausoma. Katika toleo la 5.5.1, ambalo bado ndilo linalotumika sana, chanzo kina rekodi yake lakini rejeo halina. Maelezo ya ukurasa huandikwa upya chini ya kila tukio. Kwa hiyo kama binamu alitumia rejeo moja kwa matukio kumi, faili linakuja na nakala kumi, na Gramps inazipokea kama marejeo kumi tofauti. Viwango vya uhakika navyo hubanwa: GEDCOM ina ngazi nne, kutoka 0 hadi 3, wakati Gramps ina tano. Binamu hakukosea na wewe hukukosea. Faili limefanya lilivyoundwa kufanya.

Kusafisha sasa. Kwanza toa nakala ya akiba ya Gramps yenyewe pamoja na picha zake, si ya GEDCOM, uiweke kwenye flashi nje ya kompyuta. Kisha panga vyanzo kwa jina, utaona madaftari yako arobaini yamekaa karibu karibu. Kabla ya kuviunganisha, pita kwenye kila kimoja na uhamishe namba ya ukurasa kutoka kwenye jina kwenda kwenye rejeo lake. Hatua hii usiiruke hata ukichoka. Ukiunganisha vyanzo viwili, jina la mmoja linabaki na la mwenzake linaondoka, na kama ukurasa ulikuwa kwenye jina lililoondoka, umeupoteza. Ukishahamisha, chagua viwili viwili, unganisha, mpaka libaki daftari moja lenye jina kamili: limeandikwa na nani kwa uhusiano wake na bibi, wapi, kwa herufi gani, na linahusu miaka ipi. Mwisho tumia kile chombo cha Gramps cha kuunganisha marejeo yanayofanana, kikusaidie na zile nakala za Maskati.

Usijaribu kumaliza vyanzo vyote mia tatu kwa pamoja. Anza na daftari kwa sababu ndilo lililobeba ukoo wako. Vyeti vitafuata. Mengine yatasafishika kila utakapomgusa mtu anayehusika.

Na funga marejeo kwenye tukio, usiyafunge kwenye mtu. Kwetu watu wanapeana majina ya babu zao, ukoo mmoja unaweza kuwa na Faki Kombo wanne katika vizazi vitano. Rejeo lililofungwa kwa mtu linasema tu "daftari linamtaja". Kumtaja kwa lipi? Kuzaliwa? Jina la mama? Ukigundua baadaye kwamba ukurasa ule ulimhusu Faki Kombo mwengine, rejeo lililofungwa kwenye tukio utalihamisha mara moja, lile lililofungwa kwa mtu itakubidi usome kila kitu upya.

Sasa tarehe za bibi, jambo ambalo mimi mwenyewe nimelipenda.

Unauliza kama cheti si ndicho chenye nguvu. Mbele ya ofisi, ndicho. Pasipoti, pensheni, kitambulisho, vyote vitafuata cheti. Lakini kwa nasaba, nguvu ya karatasi haitokani na muhuri. Inatokana na nani alitoa taarifa na baada ya muda gani. Kitazame tena cheti, utafute tarehe ya kusajiliwa, si ile ya kuzaliwa tu. Kama bibi alisajiliwa akiwa mtu mzima, basi tarehe ile ilitolewa kwa kukadiria na mtu aliyekuwa mbele ya karani. Na 1 Julai inatia shaka yenyewe: ni katikati ya mwaka, tarehe ambayo mtu huandika pale anapojua mwaka tu, au anapodhani anaujua.

Daftari nalo usiliamini kwa kuwa ni la babu tu. Litazame wino. Kama uzazi wa watoto umeandikwa kwa wino unaobadilika, mwandiko ukizeeka ukurasa hadi ukurasa, basi aliandika kila mtoto alipozaliwa. Kama wote wameandikwa kwa kalamu moja, mkao mmoja, ujue alikaa siku moja akakumbuka, na kumbukumbu hukosea. Hilo ulilolibaini liandike ndani ya rejeo, kisha ndipo uchague kiwango cha uhakika. Mwandiko wa baba mzazi ulioandikwa siku zile zile mimi ningeupa kiwango cha juu.

Tarehe yenyewe iandike kama ilivyo. Gramps ina kalenda ya Kiislamu ndani yake, huna haja ya kugeuza kwa mkono. Lakini majina ya miezi humo ni ya Kiarabu, na hapa pana mtego: Mfunguo Sita si mwezi wa sita. Sisi tunahesabu tangu kufungua Ramadhani, Mfunguo Mosi ikiwa Shawwal, kwa hiyo Mfunguo Sita ni Rabiul-awwal, mwezi wa Maulidi, ambao ni wa tatu kwa mwaka wa Hijria. Ukichagua mwezi wa sita kwenye programu umemsogeza bibi mbele kwa miezi mitatu.

Ukiiingiza vizuri, hesabu ya kalenda itakupa 28 Julai 1931, siku ambayo ilikuwa Jumanne. Usishtuke kwamba daftari linasema Jumatano. Kwetu usiku hutangulia mchana wake, usiku wa Jumatano ni Jumanne baada ya magharibi. Kwa hiyo bibi alizaliwa baada ya magharibi ya Jumanne ile, tarehe 28, kabla ya saa sita ya usiku, au saa za mwanzo za tarehe 29 baada yake. Kinachobaki ni tofauti ya siku moja, kwa sababu kwa hesabu ya kalenda tarehe 12 inaanza Jumatatu magharibi na kwisha Jumanne magharibi. Watu wa Wete walifuata mwezi ulioonekana, hawakufuata hesabu ya kitabu, na tofauti ya siku moja kwa mwandamo ni jambo la kawaida. Jina la siku ndilo linaloamua, maana watu hukosea tarehe kuliko wanavyokosea siku. Mimi nisingesita kuliamini daftari.

Kwenye programu mwekee bibi matukio mawili ya kuzaliwa. La daftari liwe la kwanza, ndilo Gramps itakalolichukua kuwa kuu. La cheti liwe la pili, na rejeo lake, na maelezo mafupi kwa nini hukulitanguliza. Usilifute. Mjukuu atakayekiona cheti siku moja atataka kujua kwamba ulikiona na wewe.

Wapo watu ambao daftari halikuwafikia kabisa, na wazee watakwambia fulani alizaliwa "mwaka wa vita vya ng'ombe". Hiyo nayo ni tarehe: vita vya Kiembe Samaki vilikuwa mwaka 1951. Iandike kama "takriban 1951" na maneno ya mzee yakae kwenye rejeo, ili mwaka ule usije ukageuka tarehe kamili mikononi mwa mtu mwengine. Na ukipewa mwaka wa Hijria mtupu, kumbuka unakamata miaka miwili ya kizungu. Mwaka 1350 wote ulianza Mei 1931 ukaisha Mei 1932.

Kuna taarifa ambazo hutaki zisambae. Talaka, watoto wa nje, na majina utakayoyakuta kwenye kumbukumbu za watu walioachwa huru baada ya amri ya Seyyid Hamoud, Sultani wa Zanzibar, ya Aprili 1897 ya kukomesha utumwa. Usizifiche kwa kuzifuta. Gramps ina alama ya kufuli kwa kila rekodi, ukiiweka unaweza kutoa faili la kumpelekea binamu bila ya zile zilizofungwa. Watu walio hai nao wawekee kufuli hiyo hiyo, tena wao kabla ya wengine wote.

Kuna mambo ambayo mimi kutoka huku siwezi kukusaidia. Mwandiko wa Kiarabu usiosomeka, hasa Kiswahili kilichoandikwa bila irabu, mpelekee shehe au mwalimu mzee wa hapo hapo Wete aliyezoea barua za zamani, ukae naye, umsomee majina unayoyajua. Karatasi zinazomomonyoka usizipeleke dukani kufungwa kwa plastiki, joto lile na gundi yake haviondoki tena. Ziweke kwenye bahasha kavu, ukifika Kilimani uwaulize wahifadhi. Na kama katika kupanga hati ya eka tatu umegundua kwamba kuna mrithi hakupewa, au shamba lilikuwa wakfu, simamisha kazi ya nasaba hapo. Mti wa ukoo kwenye kompyuta si ushahidi wa mirathi. Nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au kwa Kadhi wa wilaya, na karatasi halisi mkononi, na kabla ya hapo zungumza na wakubwa wa familia ili jambo lisifike ofisini kabla halijafika kwao.

Binamu mwambie asubiri. Ukishasafisha daftari, mtumie faili lililosafishwa, na kuanzia hapo mmoja wenu ndiye awe anaandika na mwengine awe anatuma masahihisho. Mkiandika nyote wawili na kupelekeana GEDCOM kila mwezi, nakala zitarudi tena.